Kufundisha China: shule ya serikali, shule binafsi, tuisheni au chuo kikuu?

Matangazo ya kazi ya ualimu China yanafanana mno: mshahara, nyumba, tiketi ya ndege, watoto wenye nidhamu. Ukiyasoma kumi mfululizo utadhani kazi ni moja. Si moja hata kidogo. Mwalimu wa chuo kikuu anaweza kumaliza wiki yake Alhamisi mchana, wakati wa tuisheni kazi yake nzito inaanza Jumamosi asubuhi. Mmoja anajua majina ya wanafunzi wake wote kufikia wiki ya tatu, mwingine anafundisha watoto mia nane na hatalijua jina la hata mmoja kati ya kumi. Wote wanne Wachina watawaita waijiao, yaani mwalimu wa kigeni.

Tunalinganisha aina nne: shule ya serikali (msingi na sekondari), shule binafsi ya lugha mbili, kituo cha tuisheni, na chuo kikuu. Chekechea binafsi tumeiweka kapu moja na tuisheni, kwa sababu matatizo yao ni ndugu.

Kabla ya mshahara, kibali

Wengi huanza na pesa. Anza na swali hili: kibali changu cha kazi kitatolewa kwa somo gani, na jina la nani litaandikwa kama mwajiri?

Kwa mwalimu wa lugha, China inataka mtu anayefundisha lugha ya kwao, mwenye digrii ya kwanza, na uzoefu wa miaka miwili wa kufundisha lugha. Miaka hiyo husamehewa kwa aliyesomea ualimu au lugha, au mwenye cheti kinachotambulika cha kufundisha lugha. Kwa Kiingereza, "kwao" ni Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ayalandi na Afrika Kusini. Mkenya, Mganda na Mtanzania hawamo, hata kama wamefundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Baadhi ya majimbo humkubali asiyetoka nchi hizo ikiwa digrii yake aliipata huko, lakini hilo huamuliwa na ofisi ya mahali, si na wakala anayekuahidi kwenye simu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, milango iliyo wazi kihalali ni miwili. Wa kwanza ni kufundisha somo: hisabati, fizikia, kemia, kompyuta. Hapo uraia si kikwazo kwa namna ileile. Kinachotazamwa ni digrii inayolingana na somo na uzoefu wa miaka miwili baada ya kuhitimu. Kazi hizi ziko zaidi kwenye shule binafsi zenye mitaala ya kigeni. Wa pili ni Kiswahili chenyewe. Kanuni ileile inayokufungia Kiingereza ndiyo inayokupendelea hapa, kwa sababu lugha ni ya kwenu. Kiswahili kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China, na vyuo vya lugha za kigeni vya Tianjin na Shanghai, miongoni mwa vingine. Nafasi ni chache. Idara mara nyingi huwa na mgeni mmoja tu, na nafasi hufunguka anapoondoka.

Tuisheni na chekechea ndiko wanakonaswa wengi. Utaambiwa uje kwa viza ya biashara halafu "tutaibadilisha ukifika", au ufundishe kwa viza ya masomo. Zote mbili ni kazi haramu. Sheria ya uingiaji na utokaji inaweka faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 kwa mgeni anayefanya kazi bila kibali, na kosa likiwa zito, kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Mwajiri naye hutozwa yuan 10,000 kwa kila mtu, lakini yeye yuko kwao. Njia safi ni moja: barua ya kibali cha kazi inatoka kwanza, unaomba viza ya Z (ya kazi) nyumbani, unaingia, unajiandikisha polisi ndani ya saa 24 ikiwa hukulala hotelini, na unaomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Ukaazi unaposhughulikiwa, pasipoti hukaa polisi hadi siku 15 za kazi, kwa hiyo usikate tiketi ya kwenda popote nje ya nchi katika kipindi hicho.

Kibali kikishatoka kinamhusu mwajiri huyo peke yake. Kumsaidia rafiki vipindi viwili vya Jumamosi kwenye kituo chake ni kosa, hata ukiwa na kibali halali cha chuo.

Wiki inavyokaa

Vipimo vya kawaida, kwa wastani wa mikataba inavyoandikwa:

| | Vipindi kwa wiki | Darasa | Wikendi | Kusahihisha |
|---|---|---|---|---|
| Serikali | 16–20 vya dakika 40 au 45 | 40–55 | huru, isipokuwa siku za kufidia | karibu hakuna |
| Binafsi | 18–24, pamoja na zamu | 15–25 | huru, zamu ya Jumapili jioni hutokea | kwingi |
| Tuisheni | saa 20–25, na kukaa ofisini | 8–16 | ndiyo siku za kazi | ripoti kwa wazazi |
| Chuo | 12–16 vya dakika 45 | 15–40 | huru | hutegemea somo |

Jedwali linadanganya kidogo, kwa sababu halionyeshi siku yenyewe.

Shule ya serikali huamka mapema. Saa 1:30 asubuhi watoto wako darasani wanasoma kwa sauti, Jumatatu kuna mstari wa bendera, na katikati ya asubuhi wote hutoka kwa mazoezi ya viungo. Kuna pia mazoezi ya macho: spika hutoa muziki na hesabu, watoto hufumba macho na kujikanda kando ya pua na kwenye paji. Usijaribu kumalizia somo lako wakati huo. Muda si wako. Mchana ni wa kulala. Kuanzia saa 6:30 hivi hadi saa 8 taa za ofisi huzimwa, walimu hulalia meza au vitanda vya kukunja, na anayechapisha karatasi kwa mashine yenye kelele atachukiwa kimyakimya mwaka mzima.

Mgeni katika shule hii si mhimili, ni nyongeza. Kiongozi na mkali wa kila darasa ni mwalimu wa darasa, banzhuren, naye ndiye anayejua alama, wazazi na makosa ya kila mtoto. Mitihani ikikaribia, vipindi vyako vitachukuliwa na hisabati, na utajua dakika kumi kabla kupitia kundi la WeChat, programu yao ya ujumbe. Wageni wengi hukasirika. Hakuna haja, mradi mkataba unasema unalipwa kwa mwezi na si kwa kipindi kilichofundishwa. Kinachouma kweli ni siku za kufidia: serikali ikitoa likizo ndefu, kwa mfano ya Oktoba 1, baadhi ya siku hizo hurudishwa kwa kufanya kazi Jumamosi au Jumapili iliyo karibu. Kalenda ya taifa hutangazwa mwaka kabla haujaanza; ichapishe uibandike, usingoje kukumbushwa.

Shule binafsi inafanana zaidi na shule ya bweni ya nyumbani. Wanafunzi wengi huingia Jumapili jioni na kuondoka Ijumaa mchana. Unakuwepo kuanzia saa 1:40 asubuhi hadi saa 11 jioni uwe na kipindi au huna, na kuna zamu za kusimamia masomo ya usiku hadi saa 3:30. Wazazi wamelipa ada kubwa, kwa hiyo barua za maelezo, vikao na ripoti haviishi. Jambo moja la kujua kwa mwalimu wa sayansi: darasa la 1 hadi la 9 ni elimu ya lazima, na kanuni zilizoanza Septemba 2021 haziruhusu vitabu vya kigeni kutumika huko. Nafasi ya fizikia au hisabati kwa Kiingereza iko darasa la 10 hadi la 12, mara nyingi kwa mtaala wa Cambridge. Mwalimu aliyezoea mtaala huo Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anakuja na mtaji, maana mitihani ni ileile na makosa ya watahiniwa ni yaleyale.

Tuisheni ni kinyume cha wote. Mapumziko ni Jumatatu na Jumanne, siku za kazi unaanza mchana na kumaliza saa 2:30 usiku, kisha Jumamosi na Jumapili unafundisha tangu asubuhi. Kuna "somo la onyesho" ambalo mzazi hukaa nyuma akiamua kama atalipa, na mauzo yasipofanyika utasikia kwamba hukuchangamka. Julai 2021 serikali ilitoa sera iitwayo shuangjian, "punguzo mbili": kupunguza mzigo wa kazi za nyumbani na mzigo wa tuisheni. Masomo ya shule, Kiingereza kikiwamo, yalipigwa marufuku kufundishwa kwa malipo wikendi, sikukuu na likizo kwa watoto wa elimu ya lazima. Vituo vingi vilifungwa. Vilivyobaki baadhi hujiita vya sanaa, drama au utamaduni. Ukiambiwa usije kesho kwa sababu kuna ukaguzi, hilo ni jibu la maswali yako yote kuhusu kibali.

Chekechea nazo zina tatizo la hesabu tu. Watoto waliozaliwa China mwaka 2016 walikuwa milioni 17.86, mwaka 2023 walikuwa milioni 9.02. Chekechea binafsi katika miji midogo zinafungwa katikati ya mwaka wa masomo, na mwalimu hubaki na miezi miwili asiyolipwa na kibali chenye jina la kampuni iliyokufa.

Chuo kikuu kina wiki nyepesi kuliko zote. Vipindi huenda viwiliviwili, dakika 90 kwa mapumziko mafupi katikati, na baada ya hapo hakuna anayekuuliza uko wapi. Muhula una wiki 16 hivi za kufundisha na wiki mbili za mitihani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza na mafunzo ya kijeshi, hivyo mwenye madarasa ya mwaka wa kwanza peke yake anaweza kukaa Septemba karibu yote bila kufundisha. Likizo ya baridi huzunguka mwaka mpya wa Kichina, ya kiangazi ni Julai na Agosti. Ukijumlisha, ni karibu miezi mitatu kwa mwaka.

Ndani ya chumba

Tuchukue kipindi kimoja cha shule ya msingi ya serikali, darasa la 4, watoto 45. Kengele inalia, kiongozi wa darasa anasema "qili", wote wanasimama na kusalimu. Dakika mbili zimekwenda. Kufungua ubao wa kugusa na kupata faili lako, dakika mbili nyingine ikiwa mambo ni mazuri. Unabaki na 36. Ukitaka kila mtoto aseme sentensi moja peke yake kwa sekunde 20, hiyo ni robo saa nzima, na wakati mmoja anasema 44 wanazungumza Kichina. Ndiyo maana mazungumzo ya mmoja mmoja huharibika kila mara kwenye shule hizi. Kinachofanya kazi ni kurudia kwa pamoja, kisha safu kwa safu, kisha wawili wa meza moja wakiulizana kwa dakika tatu huku ukipita katikati. Maneno mapya sita yanatosha. Kumi ni kujidanganya.

Ukiwa na vipindi 18, kila kimoja darasa tofauti, unaona watoto 810 kwa wiki, kila mmoja dakika 40. Faida: unaandaa somo moja au mawili tu kwa wiki. Hasara: kufikia Alhamisi umelisema neno lilelile mara kumi na nne, na sauti imekwisha. Walimu wa Kichina hutumia kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni chenye maikrofoni ya kichwani. Nunua wiki ya kwanza, usingoje koo liume.

Vifaa vya darasani ni vizuri, na ndivyo vinavyoangusha wageni. Kompyuta nyingi zimewekewa mfumo wa kujirudisha: ukizima, ulichohifadhi kwenye skrini kinafutika. Flashi hupata virusi vinavyoficha mafaili na kuacha vivuli vyake, kwa hiyo beba nakala mbili na nyingine ujitumie kwenye WeChat. Programu ya slaidi mara nyingi ni WPS, na fonti zako zitapangika upya. Toa pia nakala ya PDF. Video lazima iwe ndani ya faili, si kiungo, kwa sababu YouTube na Google hazifunguki.

Sekondari ina shida yake. Mazungumzo ya mgeni hayamo kwenye mtihani wa kuingia sekondari ya juu wala gaokao, ule wa kuingia chuo unaoanza Juni 7. Wanafunzi wa darasa la 9 watakuheshimu kwa kunyamaza, huku chini ya meza wakifanya hesabu. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba darasa la 7 au la 10, mwaka usio na mtihani mkubwa.

Chuoni tatizo si kelele, ni makaratasi. Mtihani wa mwisho hutungwa seti mbili, A na B, zenye ugumu sawa, kila moja na mwongozo wa kusahihisha. Alama hugawanywa: sehemu ya mwenendo wa muhula, tuseme 40, na mtihani 60. Baadaye unakabidhi jalada: karatasi za majibu, mahudhurio, uchambuzi wa alama. Mfumo wa kuingiza alama uko kwa Kichina, majina yako kwa herufi za Kichina, na ukikosea baada ya siku ya kufunga, kurekebisha kunataka fomu yenye saini na muhuri. Muhula wa kwanza omba mwenzako akae nawe saa moja, mpitie mfumo pamoja. Somo la uandishi nalo lina mtego: wanafunzi 60, insha moja kila baada ya wiki mbili, dakika 12 kwa insha, ni saa 12 za kusahihisha. Vipindi vyako "vichache" vimekwisha liwa.

Darasa la Kiswahili ni jambo jingine kabisa, na kwa maoni yetu ndilo tamu kuliko yote yaliyo kwenye ulinganisho huu. Wanafunzi huwa 10 hadi 20, wamejipa majina ya Kiswahili, na wengi watapelekwa Dar es Salaam au Zanzibar kwa muda katikati ya masomo. Huwafundishi salamu tu, unawapeleka hadi kutafsiri habari na kuandika tasnifu. Mwenzako wa Kichina hushika sarufi. Wewe unapewa matamshi, mazungumzo, usomaji, uandishi, pamoja na kurekodi sauti, kuhariri vitabu na kuwa jaji wa mashindano.

Makosa yao yana sababu, na ukiijua unaokoa miezi. Kichina hutofautisha p na b kwa pumzi, si kwa mtetemo wa koo. Kwa hiyo "pata" na "bata", "toa" na "doa", "kamba" na "gamba" husikika kwao kama neno moja. Kuwaambia "sema b" hakusaidii. Waweke kidole kooni wasikie mtetemo, kisha uwape jozi hizo kila siku dakika tano. Ngeli ni mlima mwingine, kwa kuwa kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa kufuata nomino. Lakini Kichina kina maneno ya kuhesabia vitu, yanayobadilika kwa aina ya kitu: karatasi ina lake, kisu kina lake. Ukiwaambia ngeli ni neno hilo la kuhesabia lililosambaa sentensi nzima, wanapata pa kushika. "Kitabu changu kizuri kimepotea" igeuzwe kuwa vitabu, kisha ufunguo, kisha funguo, kisha jina, hadi ulimi uzoee.

Pesa mkononi

Chuo hulipa kidogo, tuisheni na shule binafsi hulipa zaidi, shule ya serikali hukaa katikati. Lakini tazama hesabu ya mfano. Tuisheni inatoa yuan 16,000 bila nyumba, chuo kinatoa 9,000 na nyumba ya bure.

Kodi ya mapato huanza baada ya yuan 5,000 kwa mwezi, na hukatwa kwa jumla ya mwaka inavyopanda: 3% kwa 36,000 za kwanza, 10% hadi 144,000. Wa 16,000 anatozwa kwa 11,000 kila mwezi: 330 Januari hadi Machi, 890 Aprili, na 1,100 kuanzia Mei. Wageni wengi hufikiri wameibiwa mwezi wa Mei. Hawajaibiwa. Kwa mwaka ni 10,680, wastani wa 890 kwa mwezi. Toa pango la 3,500, anabaki na 11,610. Wa chuo kodi yake ni 2,280 kwa mwaka, 190 kwa mwezi. Anabaki na 8,810. Tofauti iliyoonekana ya 7,000 imekuwa 2,800, na wa tuisheni anafanya saa mara mbili bila ile miezi mitatu ya likizo. Kabla ya kodi, bima ya jamii hukata kwa mfanyakazi 8% ya pensheni, 2% ya afya na 0.5% ya ukosefu wa kazi, inakotekelezwa. Akiba ya pensheni iliyo kwenye akaunti yako binafsi unaweza kuichukua unapoondoka moja kwa moja.

Uliza kama mshahara ni wa miezi 12 au 10. Chuo cha 9,000 kinacholipa miezi 10 kwa kweli ni cha 7,500.

Jihadhari na ofa ya kulipwa nusu benki, nusu mkononi. Inapunguza kodi, ndiyo. Lakini ili benki ikubadilishie yuan na kutuma nyumbani inataka pasipoti, mkataba na uthibitisho wa kodi iliyolipwa. Pesa isiyolipiwa kodi haina karatasi, na bila karatasi mgeni hubadilishiwa kiasi kisichozidi dola 500 kwa siku.

Mwenye kujipangia nyumba aje na akiba. Desturi ni amana ya mwezi mmoja na pango la miezi mitatu mbele: chumba cha 2,500 ni yuan 10,000 siku ya kwanza, bado ada ya dalali, na mshahara wa kwanza uko mwezi mmoja mbele. Baadhi ya wenye nyumba hukataa wageni kwa kuogopa usumbufu wa kuandikishana polisi. Muulize hilo kabla ya kulipa chochote.

Baridi, chakula na ibada

Beijing, Tianjin na miji mingine ya kaskazini ina joto la bomba majumbani na madarasani, Beijing kuanzia Novemba 15 hadi Machi 15. Kusini, mfano Hunan au Zhejiang, hakuna. Nje nyuzi 4, ndani nyuzi 7, na madirisha ya darasa yamefunguliwa kupitisha hewa. Anayeogopa baridi aende kaskazini. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo.

Kantini ya shule hukupa wali na vyombo vitatu kwa kadi, bei ndogo, ladha ya kuvumilika. Kwa Mwislamu wa Mombasa, Unguja au Muscat, hapa ndipo chuo kinashinda bila mjadala: vyuo vingi vina kantini au dirisha la qingzhen, chakula halali. Shule za msingi mara nyingi hazina, na kusema "bila nyama ya nguruwe" hakukuondolei mafuta ya nguruwe wala supu yake kwenye mboga. Nje, tafuta vibanda vya tambi za Lanzhou vya qingzhen. Swala ni jambo la nyumbani au msikitini; elimu na dini zimetenganishwa kisheria, na kuzungumzia dini darasani kunaweza kukuondoa kazini. Mwenye kuvaa hijabu aulize mapema, kwa maandishi. Unga wa mahindi upo, hasa kaskazini, ila ni wa njano na ugali wake una utamu usiotarajiwa.

WhatsApp haifunguki kwenye mtandao wa pale. Laini ya nyumbani iliyowashwa data ya ugenini huipitisha, kwa gharama. Rahisi zaidi ni kumfungulia mama WeChat kabla hujapanda ndege.

Nani aende wapi

Mwenye digrii ya sayansi na miaka miwili ya darasani, shule binafsi, sekondari ya juu. Msomi wa Kiswahili au isimu, chuo, na asubiri nafasi hata mwaka. Shule ya serikali inamfaa mwenye uraia unaokubalika anayependa watoto na asiyehitaji kuonekana muhimu. Tuisheni hatuipendekezi kwa msomaji wetu hata mmoja, kwa sababu ya kibali, na kwa sababu nyingine ambayo matangazo huificha: wanauza sura kwa wazazi, na mwalimu Mwafrika hupewa mshahara mdogo kwa saa zilezile, au huambiwa "wazazi hawajazoea" siku ya kusaini. Chuoni hilo hupungua, kwa sababu hakuna mzazi mlangoni.

Kwenye usaili omba vitu vitatu: aina ya kibali na jina la mwajiri litakaloandikwa, ratiba halisi ya mwalimu anayeondoka, na nafasi ya kuzungumza naye bila mtu wa ofisi kusikiliza. Omba pia mkataba wa Kichina, kwa kuwa ndio unaotazamwa mnapogombana.

Halafu angalia majina yako. Kwa watu wa kwetu hapa ndipo maombi mengi hukwama: pasipoti ina majina matatu, cheti cha digrii mawili, au kimoja kimeandika Mohamed, kingine Mohammed, au jina la ndoa limeingia katikati. Ofisi ya kibali inalinganisha herufi kwa herufi. Kiapo cha majina mbele ya wakili, au cheti kilichorekebishwa na chuo, kipatikane kabla ya kuthibitisha digrii na cheti cha tabia njema, kwa sababu karatasi ikishagongwa mihuri ikiwa na jina lisilolingana, mlolongo wote unaanza upya. Ajira za Septemba hufunguliwa kuanzia Machi, kwa hiyo majina yawe yameshanyooshwa kufikia Februari.